Talaka ya Mdomo na Talaka ya Mhuri: Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sauti ya Mwanamke katika Fasihi ya Kiswahili

Mwaka 1971 yalitokea maandishi mawili ambayo wahakiki wa Kiswahili hawajazoea kuyasoma pamoja. La kwanza ni Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya 1971, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo. La pili ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa na East African Literature Bureau, ambayo kwa muda ilizuiwa shuleni kabla ya kuja kuwa kitabu cha kutahiniwa. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, riwaya kwa Kiswahili. Hata hivyo yote mawili yanauliza swali moja: katika nyumba ya Mtanzania aliyekwisha kujitawala, neno la nani lina nguvu?

Katika miaka mitano iliyofuata, majina ya kazi za waandishi wanawake yalianza kufanana na shajara ya karani wa mahakama. Penina Muhando alitoa Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973), Heshima Yangu (1974) na Talaka si Mke Wangu (1976). Martha Mvungi alitoa riwaya ya Hana Hatia (1975). Baadaye Zainab Mwanga akafuata na Kiu ya Haki (1983). Hatia, haki, heshima, talaka: msamiati huu haukuokotwa njiani. Makala haya yanadai kwamba fasihi ya kipindi hicho ilikuwa ikijibizana na dola juu ya uwezo wa kusema, na kwamba uhakiki uliozoeleka, hasa ule wa vitabu vya mwongozo, umeyafifisha majibizano hayo kwa kuyageuza orodha. Mwanafunzi wa kidato cha nne hufundishwa kutafuta “nafasi ya mwanamke”: mwanamke kama mama mlezi, kama chombo cha starehe, kama mtu duni, kama mwanamapinduzi. Orodha hiyo humpa mwanamke kiti, kisha haimwulizi anasema nini akiwa amekikalia.

Mdomo na mhuri

Kabla ya 1971 ndoa za Tanganyika zilitawaliwa na taratibu kadhaa kwa pamoja: sheria za kimila, ambazo serikali ilikuwa imezitangaza kwa maandishi mwaka 1963, sheria ya Kiislamu, taratibu za Kihindu, na sheria za kiserikali zilizorithiwa kwa mkoloni. Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969 ulipendekeza sheria moja kwa wote, na mjadala ukawa mkali, hasa juu ya mke wa pili na juu ya talaka. Sheria iliyotokea haikufuta mila wala dini. Ilifanya jambo la kijanja zaidi: iliziacha zifungishe ndoa, ikajitwalia yenyewe uwezo wa kuivunja.

Mhakiki wa lugha ana sababu ya kusimama hapa. Talaka ya Kiislamu ni mfano wa wazi wa kile ambacho wanaisimu hukiita tendo-usemi. Anayeitamka haelezi kwamba ndoa imekwisha. Kutamka kwenyewe ndiko kuimaliza. Sheria ya 1971 haikukanusha kwamba maneno hayo yametamkwa, wala haikumwadhibu aliyeyatamka. Kwa mujibu wa kifungu cha 107, panapokuwa na ndoa ya Kiislamu, baraza la usuluhishi likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, na baadaye mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika na itatoa amri ya talaka. Kwa maneno mengine, tamko la mume liligeuzwa kutoka tendo na kuwa ushahidi. Lililokuwa likitenda sasa linatolewa mbele ya hakimu kama kidhibiti, pamoja na hati ya baraza.

Jina la tamthilia ya Muhando ya 1976 linapata uzito mpya likisomwa baada ya kifungu hicho. “Talaka si mke wangu” halina alama ya kituo kati ya maneno yake, na ukosefu huo unaacha njia mbili za kulisoma. Msomaji anaweza kusikia mtu anayetangaza: talaka, huyu si mke wangu tena. Anaweza pia kusikia sentensi ya kukanusha, kwamba talaka siyo mke, haioleki wala haikai nyumbani. Usomaji wa kwanza ni wa mdomo uliozoea kutii sauti yake wenyewe. Wa pili unaifanya sauti hiyo kuwa jambo la kuhojiwa. Kiswahili kinaruhusu yote mawili kwa sababu “si” hukanusha bila kumtaja anayekanushwa. Na mwanamke, ambaye ndiye mada, hana hata kiambishi chake katika sentensi hiyo. Yupo kama nomino tu, tena yenye mmiliki.

Kata kama jukwaa

Sheria inamtaka Waziri kuunda Baraza la Usuluhishi la Ndoa katika kila kata, na kuruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yao. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kwa mfano mwenzi aliyetelekeza na hajulikani alipo, hakuna shauri la talaka linalofika mahakamani bila kupitia huko. Kwa hiyo mahali ambapo dola husikia lugha ya ndoa kwa mara ya kwanza si Mahakama Kuu. Ni kata: Mlandege katika Manispaa ya Iringa, kwa mfano, yenye soko, nyumba za kupanga na vyumba vinavyotazamana uani. Hapo mwanamke anasimama mbele ya wazee na wajumbe, baadhi yao majirani wa mumewe, akiombwa aeleze kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kihehe au Kibena, jambo ambalo mila ilimfundisha kulificha.

Neno lenyewe, baraza, lina historia inayopaswa kumtia wasiwasi msomaji. Katika usanifu wa nyumba za pwani baraza ni kibao cha nje, mahali pa wanaume kukaa jioni na kuzungumza, huku wanawake wakiwa ndani. Kuliita chombo cha kusuluhisha ndoa kwa jina hilo ni kumwalika mwanamke aje kusema mahali ambapo, kwa asili ya neno, hakuwa na kiti. Wanasheria hutafsiri na kupita. Watunzi wa tamthilia hawawezi kupita, kwa kuwa kazi yao yote ni kuamua nani asimame wapi na nani aanze kusema.

Na hapa ndipo Nguzo Mama (1982) inapozidi hadhi inayopewa na miongozo ya shule. Fabula yake ni nyepesi kwa makusudi: katika kijiji cha Patata wanawake wanapaswa kuisimamisha Nguzo Mama, nao hawafanikiwi. Msimulizi, Chizi, anatupitisha katika jitihada zao kwa mchezo unaochanganya utambaji, wimbo na mazungumzo. Wanawake wanaitwa kwa namba, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane. Uhakiki wa mazoea husema namba hizo zinawawakilisha wanawake wote, jambo ambalo ni kweli lakini halitoshi. Namba ni jina ambalo ofisi humpa mtu: namba ya jalada, ya shauri, ya foleni. Bi Moja na wenzake wameitwa kama wanavyoitwa watu waliokwisha kuingizwa katika daftari la maendeleo kabla ya kuulizwa wanataka nini. Nguzo yenyewe ni ya namna hiyo. Patata haikuibuni, iliambiwa kwamba ikisimama, mambo yatakuwa mema.

Kila mwanamke anayeondoka kwenye kamba anaondolewa na jambo la nyumbani mwake. Mume mlevi, mali ya mjane inayochukuliwa na jamaa wa marehemu, biashara ndogo inayomezwa na matumizi ya mwanamume: hakuna hata moja ambalo Sheria ya Ndoa haikuligusa kwa namna fulani au kulipita karibu. Kuhusu mjane, kifungu cha 68 kinasema kwamba bila kujali mila yoyote, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kukaa anakotaka, kubaki bila kuolewa au kuolewa na mwanamume amtakaye. Ni uhuru mkubwa, na kwa upande wa kurithiwa ulikata mzizi. Lakini sheria hiyo ni ya ndoa, si ya mirathi. Mjane wa 1971 alipewa uhuru wa kuondoka. Kuhusu vitanda, mashamba na mabati atakayoyaacha nyuma, aliachwa chini ya kanuni za urithi za 1963. Muhando aliuona ufa huo na kuujenga kama tukio la jukwaani. Wapo wanaolilaumu igizo hili kwa kukata tamaa kwa sababu nguzo haisimami. Lawama hiyo inadhani kwamba igizo linawahukumu wanawake, ilhali linachokipima ni nguzo.

Ridhaa ya Zakaria

Rosa Mistika hairejelei sheria ya mwaka wake, na haikuweza kuirejelea. Ina thamani katika mjadala huu kwa sababu inaonyesha nyumba ambayo sheria hiyo ilikuwa inakwenda kuikuta. Katika Namagondo, kisiwani Ukerewe, Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe Regina, na anampiga binti yake Rosa kwa kosa la kupokea barua ya kijana. Malezi ya kamba fupi yanamfanya Rosa awaogope wanaume, kisha, akiwa mbali na kamba hiyo, ajitupe kwao. Mwisho wake ni kukataliwa na mchumba kwa kuwa si bikira, na kujiua.

Sheria ingemwambia nini Zakaria? Kifungu cha 66 kinatamka, kwa ajili ya kuondoa shaka, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme iwavyo. Usemi huo wa kuondoa shaka ni ungamo. Dola inakiri kwamba hadi siku hiyo shaka ilikuwapo: kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kudhani kumpiga mke ni haki. Kifungu hakikutaja adhabu. Kilibatilisha haki, kikaacha tendo lishughulikiwe na sheria nyingine. Kwa Regina tofauti hiyo si ndogo.

Kwa Rosa sheria ilikuwa na maneno mengine. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 na wa kuolewa miaka 15, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu ndoa ya aliyetimiza 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kilimtaka msichana asiyefika miaka 18 apate kwanza ridhaa ya baba. Kama baba amekufa, ya mama. Kama wote wamekufa, ya mlezi. Msomaji wa riwaya ausome mpangilio huo taratibu. Regina, aliyemlea Rosa na kumtetea, anapata sauti kisheria juu ya ndoa ya binti yake pale tu Zakaria anapokuwa kaburini. Kinyume chake, mtu ambaye riwaya nzima imemwonyesha hafai kuamuliwa jambo lolote la binti ndiye aliyekabidhiwa kalamu. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo viwili vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha tarehe 23 Oktoba 2019. Miaka 48 ilikuwa imepita.

Kezilahabi mwenyewe alimaliza kitabu chake kwa mahakama, ingawa si ya duniani. Baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu, na hapo, kwa mara ya kwanza, binti anajibizana na baba akiwa sawa naye. Wahakiki wengi wameliona tukio hilo kuwa kiambatisho cha kidini au dosari ya usanii wa mwandishi kijana. Likisomwa kando ya kifungu cha 17 linakuwa hitaji la masimulizi: mwandishi aliyekuwa anaijua nyumba ya Zakaria hakuona duniani baraza ambalo Rosa angeweza kusimama na kusema, akalitafuta kwingine.

Kazi isiyo na jina

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja za wanandoa wakati wa ndoa. Maneno matatu, “juhudi za pamoja”, yaliwagawa majaji kwa zaidi ya muongo. Je, kupika, kulea, kuteka maji ni juhudi, au ni wajibu wa mke tu? Katika Kiswahili cha kila siku swali hilo lilikwisha kujibiwa vibaya. Mtu akiulizwa mkewe anafanya kazi gani husema: hana kazi, ni mama wa nyumbani. Lugha inakiri cheo na kukana kazi katika pumzi ileile.

Mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya Nguzo Mama, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika ustawi wa familia na hivyo huhesabiwa. Ulikuwa ushindi wa tafsiri. Majaji walisoma fungu la maneno kama mhakiki asomavyo, kwa kuuliza ni maradhi gani ya jamii yaliyoitwa kuponywa. Lakini mwanamke aliyeleta shauri hakupata mgawo. Mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mume kwa ajili ya biashara, naye akazitapanya, zilitosha kuwa fungu lake. Kanuni ilisimama, mwombaji akarudi mikono mitupu. Hakuna mtunzi wa tanzia ambaye angethubutu kupanga hivyo bila kuambiwa anatia chumvi.

Sifa ya kuwa nguzo, kwa vyovyote, haikubuniwa Patata. Ireland ilipojiandikia katiba mwaka 1937, miaka 15 baada ya kujitenga na Uingereza, iliandika katika ibara ya 41 kwamba maisha ya mwanamke nyumbani yanaipa dola tegemeo ambalo ustawi wa wote hauwezi kupatikana bila hilo. Na hadi 1973 mwanamke aliyeajiriwa serikalini huko alilazimika kuacha kazi akiolewa. Shukrani hiyo ya kikatiba na ile nguzo ya Patata ni ndugu. Zote mbili humsifu mwanamke kwa mzigo, na sifa ikawa sababu ya kutoupunguza. Tofauti iko katika utanzu: ibara ya katiba haina Chizi wa kuicheka.

Majirani wanamwitaje

Fasihi ya Kiswahili ya mijini imezipokea Nyanda za Juu Kusini hasa kupitia mlango wa jikoni. Binti wa kazi “kutoka Iringa” amekuwa mhusika wa kawaida wa mazungumzo, vichekesho na hadithi za magazeti. Ana mkoa, mara nyingi hana ukoo. Kwa sababu hiyo kazi ya Martha Mvungi inastahili kusomwa zaidi kuliko ilivyosomwa. Mwaka uleule wa Hana Hatia alitoa kwa Kiingereza mkusanyiko wa hadithi zenye asili ya Wahehe na Wabena, Three Solid Stones, ambao jina lake linamkumbusha msomaji wa Kiswahili mafiga matatu. Figa na nguzo ni taswira mbili tofauti za nyumba. Nguzo ni moja, imesimama wima, inabeba paa na kutazamwa na wapita njia. Mafiga ni matatu, yako chini, na moja likiondolewa chungu kinamwagika. Inasikitisha kwamba mwandishi wa nyanda hizo alilazimika kuigawa sauti yake kati ya lugha mbili ili dunia isikie moja na nyumbani wasikie nyingine.

Swali la jina linarudi pia katika sheria, na kwa njia ambayo wanaisimu hawajaitumia vya kutosha. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana kihalali, hadi ushahidi uivunje dhana hiyo. Hata ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto wa muungano huo. Kiini cha kifungu ni neno “sifa”. Miaka miwili peke yake haitoshi. Mahakama hutaka kujua watu waliwachukuliaje wawili hao. Na watu humchukulia mtu kwa namna wanavyomwita.

Katika nyumba ya kupanga ya Mlandege, kwa hiyo, miito ya uani ni ushahidi wa ndoa. Jirani akimwita mwanamke “Mama Fulani” kwa jina la mtoto, amethibitisha uzazi lakini si lazima ndoa. Akimwita mdogo wa mwanamume “shemeji” mbele yake, ameipa ndoa hiyo jamaa. Rafiki wa mwanamume naye akimwita mwanamke huyo “shemeji” kila asubuhi kwa miaka miwili, amekuwa akitia sahihi bila kujua. Lakini akisema “yule aliyemweka”, au “wanaishi kinyumba tu”, au neno zito la “hawara”, ameibomoa dhana ambayo sheria imeijenga. Yuleyule anaweza kutumia yote katika wiki moja, kutegemea aliyekuwapo na ugomvi wa siku hiyo. Kamusi hupanga maneno haya kwa maana. Mahakama huyapanga kwa matokeo: shamba, chumba, matunzo. Uchunguzi wa miito katika kata moja tu ya Iringa, ukifanywa na mwanaisimu mwenye subira, ungewasaidia mahakimu kuliko tafsiri nyingine ya kifungu.

Tatizo linabaki kwamba ushahidi huo husafiri. Katika Mahakama ya Mwanzo unatolewa na kuandikwa kwa Kiswahili. Shauri likipanda kwa rufani, kwa miongo mingi limeendelea kwa Kiingereza, na “shemeji” aliyetamkwa uani akageuka kuwa ndugu wa kisheria tu, bila utani wala heshima iliyomo katika neno. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa vifungu vya 1971 vitaandikwa upya kwa lugha hiyo, wafasiri watalazimika kuamua kama “sifa” ni neno linalofaa katika kifungu cha 160, kwa kuwa katika Kiswahili sifa huweza kuwa ya kweli na ya kupakwa. Na watalazimika kuamua “juhudi za pamoja” zinaanzia wapi, jikoni au mlangoni. Muhando na wenzake walikwisha kuyajaribu maneno hayo midomoni mwa wahusika, mbele ya hadhira, miaka 40 na zaidi kabla ya mchapaji mkuu wa serikali.